Farasi Aliyeitwa Mkunga

Uliiona ile picha. Usijifanye hukuiona. Ilizunguka kwenye simu za watu wiki nzima: farasi wa rangi ya kahawia amesimama peke yake ukingoni mwa korongo, jua la asubuhi liko mgongoni mwake, na nyuma yake vilima vya Mpale vimepangana mpaka macho yanachoka. Ukaipenda. Ukamtumia shemeji yako. Ukaandika chini yake, "Jamani nchi yetu nzuri," halafu ukapita zako.

Chini ya kwato za farasi yule, mita nane hivi ndani ya korongo, palikuwa na mtu amelala kifudifudi. Mkono wake mmoja unaonekana kwenye picha. Ulidhani ni mzizi.

Mtu huyo ni Sadala Mhina, miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Chanika mjini Handeni, kiongozi mkuu wa safari za farasi. Miaka tisa iliyopita, kampuni ilipokuja kutafuta mahali pa kuwapitisha wageni wanaovuka bahari ili wakae juu ya farasi na kutazama vilima, Sadala ndiye aliyeshika panga. Alianza kufyeka kwenye nyika za Handeni, akapita katika mashamba ya mkonge yaliyoachwa yakaota vichaka, akapanda mpaka Mpale upande wa Korogwe. Safari ya siku nne. Vipeperushi vya kampuni vinasifu upepo, ndege na mandhari. Jina la aliyefyeka halimo.

Halimo na jambo jingine. Kitongoji cha juu kabisa cha Mpale hakifikiwi na gari. Mama akishikwa uchungu kule, hubebwa na wanaume wanne juu ya kitanda cha kamba, saa tatu mpaka zahanati, mvua au jua. Juu ya farasi, mtu anayejua njia akimwongoza taratibu, ni dakika hamsini. Kwa miaka sita Sadala aliamka kabla ya wageni, akamtandika farasi, akapanda kumchukua mwenye uchungu. Mama thelathini na mmoja. Wote walifika. Watoto wote walilia.

Kwa hiyo kabla hatujaingia kwenye maiti na mashahidi, ahsante Sadala. Ulistahili kuambiwa ukiwa hai, na wengi wetu tulikuwa tunangoja siku nzuri zaidi.

Kwenye kibao cha zizi, farasi yule ameandikwa Malkia. Watu wa mlimani hawajawahi kumwita hivyo. Wao wanamwita Mkunga.

*

Inspekta Asnath Shehiza wa kituo cha Korogwe alifika saa nne na robo asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, akiwa na Koplo Mustafa. Meneja wa kambi, Bwana Richard, aliwapokea mbio mbio.

"Ni ajali, afande. Farasi kamrusha, kisha kampiga teke la kichogo. Basi."

"Wewe uliona?"

"Sikuona, lakini inaonekana."

"Inaonekana kwa nani?"

Richard akajifuta jasho. "Ernesti alikuwa anawaongoza wageni asubuhi. Walipofika kwenye korongo wakamkuta farasi amesimama. Mgeni mmoja akapiga picha, akaituma kwa watu wake papo hapo. Ndipo wakachungulia chini wakamwona mzee. Ernesti akamrudisha farasi zizini, akamvua tandiko, akaja kuniita."

"Farasi yuko wapi sasa?"

"Zizini. Daktari wa mifugo anakuja saa kumi kumlaza."

"Kumlaza kivipi?"

"Kumchoma sindano, afande. Afe. Nani atampanda farasi aliyeua mtu? Na kuanzia leo hakuna mnyama atakayetoka hapa kwenda kubeba watu wa kijijini. Huruma ndiyo imetufikisha hapa. Njia ni ya wageni."

Koplo Mustafa alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mke wake alikuwa wa kumi na tisa kati ya wale thelathini na mmoja.

"Saa kumi," Asnath alirudia, akatazama saa yake. Zilikuwa zimebaki saa sita kasoro robo. Sadala akishaandikwa kwamba aliuawa na farasi, farasi anakufa, na njia ya akina mama inakufa pamoja naye. Hakuna rufaa ya farasi.

Wakashuka korongoni.

Maiti ilikuwa imelala kwenye mteremko, kichwa upande wa juu, miguu upande wa chini. Jeraha moja kichogoni, kubwa, limevimba. Asnath alivaa glavu, akachuchumaa karibu na kichwa.

"Mustafa. Nionyeshe damu imetiririka kwenda wapi."

Koplo akainama. "Kutoka kichogoni... kwenda utosini. Imekauka kwenye nywele za mbele."

"Na kichwa kiko juu ya mteremko."

"Ndiyo, afande."

"Basi damu ya mtu huyu imepanda mlima."

Koplo akaifuata alama ya damu kwa kidole bila kuigusa. Kisha akasema polepole, "Alikuwa amening'inia kichwa chini. Kabla ya kufika hapa."

"Piga picha. Kila upande. Na hapo tumboni, inua shati kidogo."

Tumboni palikuwa na alama nyekundu iliyopita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, upana wa kiganja.

Juu, kwenye kivuli cha hema la chakula, mgeni aliyepiga picha alikuwa amekaa peke yake. Mama mtu mzima, mvi, buti za kupandia farasi, macho mekundu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikataa mkalimani.

"Mimi naona mlima tu," alisema. "Farasi na mlima. Mtu sioni. Samahani sana. Mtu sioni."

"Picha ulipiga kabla Ernesti hajamgusa farasi?"

"Kabla. Ernesti nyuma yangu. Anasema twende, twende haraka. Mimi nasema ngoja, picha."

Asnath akaomba simu ichukuliwe kama kielelezo. Yule mama hakuuliza atarudishiwa lini. Aliifungua mwenyewe, akaandika namba ya siri kwenye kikaratasi, akampa kwa mikono miwili. Na yeye tunamshukuru. Wapo waliozaliwa hapa hapa ambao wangesema simu imeisha chaji.

*

Zahanati iko chini, kwenye barabara ya gari. Munira, mama aliyeshushwa na Sadala alfajiri ile, alikuwa kitandani, kichanga kifuani. Pembeni yake alikuwa mama mkwe wake, Bibi Tatu, aliyemfuata farasi kwa miguu asubuhi ile kutoka juu mpaka chini, na bado alikuwa na nguvu za kugombana na nesi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumkamata farasi?"

"Nimekuja kuuliza."

"Maana nimesikia mnataka kumchoma sindano. Mna haraka kweli. Mimi nimeumwa nyonga mwaka wa nne huu, sindano yangu haijafika."

Munira alijaribu kucheka, akalia badala yake.

"Pole, Munira," Asnath alisema. "Mlifika hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro. Nesi ameandika. Mtoto akatoka saa kumi na mbili na dakika tano. Mzee Sadala alikuwa amekaa hapo nje kwenye ngazi. Aliposikia mtoto analia, akasema, 'Huyu atakuwa mwalimu, anapiga kelele mapema.'"

"Akaondoka?"

"Saa kumi na mbili na nusu," Bibi Tatu alidakia. "Nikamwambia kaa unywe uji. Akasema hapana, nisipowahi geti nitakuta mnyororo."

"Geti gani?"

"Hujui? Wameweka geti jana. Pale kwenye njia panda, kwenye lile jiwe la mpaka la shamba la mkonge. Baba yangu alikata mkonge pale, akafa hajui shamba ni la nani. Sasa likaachwa, tukasema angalau njia imebaki yetu. Jana wakaja na geti."

"Alipoondoka alikuwa juu ya farasi, au alimvuta?"

"Alipanda. Akatia mguu, akapaa kama kijana. Nikamwambia, mzee, utavunjika. Akasema, 'Bibi, nivunjike mara ngapi, mke hataki kunihudumia.'" Akamshika Asnath mkono, akaukaza. "Mwanangu. Kule juu wapo wengine wana mimba. Yule mnyama akifa, mimi ninakufa naye. Nani atawashusha?"

Asnath hakuahidi kitu. Aliandika muda kwenye daftari: saa kumi na mbili na nusu, hai, juu ya farasi, mwenye furaha.

*

Geti lilikuwa la mabomba ya chuma, jipya, rangi bado inanuka. Mnyororo ulikuwa umefungwa. Njia iligawanyika pale pale. Kushoto inashuka zahanati, ndiyo barabara ya gari. Kulia inakwenda korongoni. Ukivuka geti unafika zizini.

"Afande, njoo uone," Koplo Mustafa aliita.

Chini ya jiwe la mpaka udongo ulikuwa na unyevu. Wiki tatu mvua haijanyesha Mpale. Kila kitu kilikuwa rangi ya majivu, isipokuwa duara lile moja. Mustafa akapitisha pamba kwenye ufa wa jiwe. Ikatoka na wekundu.

"Mtu aliosha jiwe," alisema.

"Nani huosha jiwe?"

"Hata nyumbani kwangu vyombo ni shida."

Wakaweka pamba kwenye mfuko wa vielelezo, wakaufunga, wakauandika. Kisha Asnath akamwita Richard.

"Funguo za mnyororo ziko ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya Ernesti."

"Wewe saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Njiani kutoka Manundu mjini Korogwe, nilikokwenda kununua mboga na mkate wa wageni. Muulize dereva. Nimerudi nao wageni kwenye gari saa moja na nusu, tuliwapitia kwenye nyumba yao ya kulala Korogwe."

"Mlipita barabara hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Hakuna nyingine."

"Watunza farasi wengine?"

"Wote watatu wako Chanika tangu juzi. Wanaleta farasi wa upande wa Handeni."

Mkunga, aliyekuwa amefungwa kando ya zizi, akapiga chafya. Richard aliruka akajibanza nyuma ya inspekta.

"Wewe hupandi?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa ofisi, afande. Hata kuwashika siwezi."

Asnath akaingia ndani ya gari la polisi, akaandika karatasi moja, akaigonga mhuri, akaikunja, akaitia mfukoni. Mustafa hakuuliza ni ya nini.

Saa nane na nusu wageni walirudishwa kutoka matembezi mafupi ambayo kampuni iliyalazimisha ili wasikae wakilia. Ernesti aliwatangulia. Kijana wa miaka ishirini na tisa, mtoto wa Manundu, mrefu, mpole, mwenye mikono ya mtu anayependa kazi yake. Asubuhi alikuwa ameshaandika maelezo mafupi: hakumwona Sadala tangu jana jioni, saa moja alikuwa zizini anatandika, alimkuta Mkunga korongoni pamoja na wageni.

Asnath alisimama kivulini akimtazama. Ernesti alishuka. Kabla hajageuka, kabla hajamjibu mgeni aliyemwita, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia ubavuni mwa farasi, ukakipandisha juu kwenye mkanda wake, ukakibana chini ya tandiko. Akazunguka upande wa pili. Akapandisha na cha pili. Akalegeza mkanda wa tumboni. Ndipo akaanza kutembea.

"Ernesti," Asnath aliita. "Hivyo vyuma umevipandisha kwa nini?"

"Hivi? Ndiyo kawaida, afande. Ukishuka, kabla hujapiga hata hatua moja, unavipandisha. Vikining'inia vinampiga mbavuni, au vinanasa mlangoni. Mzee Sadala akivikuta vinaning'inia, siku hiyo unakula maneno mpaka unashiba."

"Hata ukiwa umechoka?"

"Hata ukiwa unaumwa. Hata ukiwa na hasira. Alikuwa anasema, umegombana na binadamu, farasi hajakukosea."

"Na vikiwa juu, mtu anaweza kupanda?"

"Utakanyaga wapi?"

"Na farasi mwenyewe hawezi kuvipandisha."

Ernesti akacheka, cheko la kweli. "Afande naye! Farasi ana vidole?"

"Hana," Asnath alisema. "Njoo tukae."

*

Walikaa ndani ya hema la chakula. Koplo Mustafa alimwonya kwa mujibu wa sheria: halazimiki kusema neno lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Ernesti aliitikia kwa kichwa. Dirisha la hema lilitazama zizi.

Asnath akaweka simu ya mgeni mezani. Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka mlima ukatoka, anga likatoka, akabaki farasi peke yake.

"Nani huyu?"

"Mkunga."

"Sadala aliondoka zahanati saa kumi na mbili na nusu, amepanda. Tuna shahidi. Sasa niambie, akirushwa na farasi, vyuma vyake vya kukanyagia vinakuwaje?"

"Vinaning'inia."

"Kwenye picha viko wapi?"

Ernesti alitazama. Rangi ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka.

"Viko wapi, Ernesti?"

"Juu."

"Na mkanda wa tumboni?"

"Umelegezwa."

"Kwa hiyo farasi alimrusha mtu, akampiga teke, akajipandishia vyuma viwili, akajilegezea mkanda, akasimama kungoja wageni?"

Ernesti aliisukuma simu mbali naye.

"Watunza farasi watatu wako Handeni. Meneja anaogopa chafya. Aliyebaki ni nani?"

"Sikumwona mzee, afande."

"Jiwe la getini limeoshwa na nani?"

"Sijui."

"Ufunguo unao?"

"Ninao. Na bosi anao."

"Daktari aliyeichunguza maiti amenipigia simu. Jeraha lilivimba. Ukifa papo hapo huvimbi. Sadala aliishi karibu saa nzima baada ya kuumia, Ernesti. Na ana alama ya tandiko tumboni. Mtu alimlaza juu ya farasi, kichwa chini, akiwa hai. Mtu huyo alikuwa anampeleka wapi?"

Ernesti aligeuza uso dirishani.

Nje gari lilisimama. Daktari wa mifugo alishuka na begi lake. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Na hapo ndipo wakaanza kutokea. Walishuka kutoka mlimani kwa kijinjia cha nyuma ya zizi, wanawake kumi, kisha ishirini, kisha hawakuhesabika. Wengine na watoto mgongoni, wengine wanawashika mkono watoto wanaokwenda shule. Kila mmoja alibeba majani mabichi, wiki tatu bila mvua, majani waliyoyakata mtoni kule juu kabisa. Hawakupiga kelele. Hawakubeba mabango. Walipita mmoja mmoja mbele ya Mkunga, wakaweka majani miguuni pake, wakamgusa shingo, wakakaa chini kumzunguka. Mama mmoja alimwinua binti yake wa miaka mitano mpaka usawa wa uso wa farasi, akamwambia kwa Kishambaa maneno machache, na mtoto akasema kwa Kiswahili cha shuleni, "Ahsante."

Daktari alisimama na begi, hajui aweke mguu wapi.

"Wapisheni!" Richard alifoka kutoka mbali. "Fanya kazi yako, daktari!"

Daktari akafungua begi. Akavuta dawa kwenye sindano. Mkunga akashusha kichwa, akaanza kula.

"Mwambieni aache," Ernesti alisema.

Asnath hakugeuka.

"Afande, mwambie aache!" Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka. "Hana kosa! Huyo mnyama hana kosa lolote, alisimama pale alipoambiwa asimame! Ni mimi! Mimi ndiye! Msimchome!"

Asnath akatoa karatasi mfukoni, akampa Mustafa. Koplo alikimbia kama mtu aliyeitwa na mkewe. Ilikuwa hati ya kumzuia farasi kama kielelezo cha polisi, imesainiwa tangu saa sita na nusu mchana.

"Kaa chini, Ernesti," alisema. "Sema."

*

Alisema yote. Tuyaseme nasi, bila kupunguza.

Jana yake jioni Richard alimwita. Akampa ufunguo wa geti. Akamwambia Sadala amezeeka na hasikii. Mwezi ujao kampuni itataka kiongozi mkuu mpya, atakayepelekwa nje kusomea farasi mwaka mzima. Akamwambia pia, "Mnyama akitoka tena kwenda kubeba wazazi, utakayeondoka ni wewe."

"Alfajiri nikakuta zizi liko wazi, Mkunga hayupo," Ernesti alisema. "Mzee alikuwa ametoka kabla sijafunga geti. Nikaenda kumngoja getini. Nilikuwa na hasira, afande. Nikasema ananiharibia. Miaka saba niko nyuma yake, watu wote ni Sadala, Sadala. Akaja saa moja, farasi ana jasho mpaka masikioni. Anacheka. Akashuka. Akaniambia, 'Fungua bwana, mtoto wa kike, salama.' Nikamwambia sifungui. Akasema, 'Ernesti, mama yako alikuzaa barabarani? Fungua.' Akainama kuushika mnyororo mwenyewe. Nikamsukuma."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Akaenda na kichogo kwenye jiwe."

"Halafu?"

"Nikaogopa. Alikuwa anapumua. Anakoroma hivi. Nikampandisha juu ya tandiko, kwa tumbo, nikashika hatamu. Nilikuwa nampeleka zahanati, nakuapia. Nimetembea hatua mia moja upande wa kushoto. Nikaona vumbi chini. Gari la wageni." Akafunika uso. "Nikafikiria, watashuka, watauliza, bosi yumo ndani. Nitasema nini? Nikageuza. Nikaenda kulia."

Asnath aliweka kalamu chini.

"Alikuwa bado anapumua?"

"Ndiyo."

"Ulipomsukuma korongoni?"

"Ndiyo." Sauti ilikuwa haina umbo tena. "Mkunga hakutaka kusogea ukingoni. Nikamwambia simama, akasimama. Nikarudi mbio kuosha jiwe."

"Na vyuma?"

"Sikumbuki kuvigusa, afande. Nakuapia sikumbuki. Ni mikono tu. Yeye ndiye aliyeifundisha."

Dakika ishirini tu za kuteremka kwa miguu. Zahanati yenye nesi aliye macho, maji ya moto tayari, redio ya kuitia gari la wagonjwa. Farasi aliyewafikisha thelathini na mmoja alikuwa tayari amembeba wa thelathini na mbili, na wa thelathini na mbili alikuwa Sadala mwenyewe. Aligeuzwa kwa sababu gari la wageni lilikuwa linakuja na mtu alitaka cheo.

Ernesti alitia saini maelezo yake. Alipotolewa nje kwa pingu, alipita kati ya wale wanawake. Hakuna aliyemtukana. Bibi Tatu, aliyekuwa amepanda mlima na nyonga yake, alimtazama akasema, "Na wewe ulikuja kwangu ukala viazi." Ernesti aliinamisha kichwa mpaka garini.

*

Sadala alizikwa Chanika kesho yake baada ya swala ya alasiri. Waislamu na Wakristo wa mlimani walikodi malori mawili kumfuata mpaka Handeni. Inspekta Asnath alikwenda bila sare. Yule mgeni mwenye mvi alisimama nyuma kabisa, kichwa kimefunikwa kitambaa alichoazima, na hakupiga picha.

Tunamshukuru inspekta aliyetazama damu badala ya kutazama saa ya meneja. Tunamshukuru koplo na pamba yake. Tunawashukuru wanawake waliokata majani wakati wa kiangazi. Tunamshukuru Mkunga, ambaye yuko hai, anakula, na polisi wamemkabidhi kwa serikali ya kijiji kama mlinzi wa kielelezo mpaka kesi iishe.

Lakini geti lipo. Sheria imemkamata aliyesukuma. Mnyororo haujashtakiwa na yeyote. Richard ameandika barua kwamba njia ni ya kampuni tangu ilipofunguliwa, na kwamba hakuna mwenyeji aliyewahi kuitumia. Hakuna hata mmoja! Tangu siku ile mama wawili wameshushwa kwa kitanda cha kamba, kwa kuzunguka. Mmoja alifika. Mwingine alijifungulia vichakani. Mtoto yuko hai, mama bado hajaweza kukaa.

Jumatano saa tatu asubuhi, ofisi ya kata ya Mpale itasikiliza ni nani wanaosema njia ile ni ya watu. Wanataka majina na sahihi, na wanataka watu waliosimama kwa miguu yao. Kama ulishushwa na Sadala, nenda. Kama ulizaliwa baada ya safari yake, nenda na mama yako. Kama unakaa Korogwe au Handeni na hujawahi kufika huko, nenda ukae kwenye benchi, uhesabiwe. Kama uko mbali, andika barua leo, jina lako kamili, ipelekwe.

Kule juu, nyumba ya mwisho, anaishi Hajira. Yuko mwezi wa tisa. Weka kitabu hiki chini, uondoke.